Taa za Alfajiri na Ndama wa Nyumbu

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Karatu na ndoo ya kunawia, na kabla jua halijapanda vizuri nilikuwa juu ya lori la mahindi, ndoo nimeiacha pale pale bombani. Sikupanga. Safari zangu karibu zote ni hivyo, ila nyingine naweza kusema zilianzia wapi: kazi imekwisha, au nimegombana na mtu, au nimechoka kuona ukuta uleule kila nikiamka. Hii ilianzia angani.

Kulikuwa bado na giza lile la mwisho ambalo jogoo wameshaliacha nyuma. Niliinua uso wenye sabuni nikaona taa. Hazikuwa mbili wala tatu. Zilikuwa nyingi, zimefuatana mstari mmoja ulionyooka kama shanga zilizotungwa, zikitoka upande wa Mbulu kuelekea msitu wa Ngorongoro. Hakuna mlio wowote. Sabuni ikaniingia machoni, sikuipangusa. Nilichojiambia moyoni ni neno moja tu: wamefika.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kiislamu mwenye duka la unga upande wa barabarani, alikuwa anarudi msikitini. Nilimshika mkono wa kanzu nikamwonyesha. Alitazama kidogo, kama mtu anayetazama basi ambalo si lake, akaniambia mwanawe wa Arusha alishamtumia picha za kitu kama hicho kwenye simu. Ni setilaiti. Watu wanazirusha nyingi kwa pamoja, zikishafika juu zinakwenda hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kutawanyika. Za intaneti.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akacheka.

"Bwana mdogo, wageni wa Karatu hawakutoshi? Wanatoka kila bara, na bado unasubiri wa juu?"

Kisha, akifungua kufuli la duka, akasema kwa sauti ya chini zaidi kwamba yeye habishi kama wapo wengine. Kila siku katika sala wanamtaja Mola wa walimwengu, si wa ulimwengu mmoja. Lakini zile ni taa za watu.

Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyovunjika moyo. Niliacha shule darasa la sita, baba alipougua na ng'ombe wetu kule Endamarariek wakakosa mchungaji. Katika niliyoyabeba kutoka darasani, moja halikuwahi kunitoka. Mwalimu alichora sayari ubaoni, akasema zote hazina watu isipokuwa hii yetu. Niliuliza ni nani aliyekwenda kuona. Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka, si kwa ubaya, na kengele ikalia. Swali langu lilibaki pale ubaoni, likafutwa na somo lililofuata.

Tangu hapo nimefanya kazi nyingi, na ile iliyonikalisha Karatu muda mrefu kuliko nyingine ni kuosha magari ya safari. Watalii huacha vitu chini ya viti: vikasha vya chakula cha mchana, kofia, miwani, magazeti. Magazeti yalikuwa yangu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, nilikuwa nasoma mstari mmoja huku natafuta maneno kwenye simu, mikono imelowa. Humo ndimo nilimojua kwamba zimeonekana sayari nyingine, maelfu, zikizunguka nyota zisizo jua letu, na baadhi huenda zina maji. Na kwamba hadi leo hakuna sauti iliyosikika kutoka hata moja. Habari kama hiyo inanifanya nishindwe kukaa. Nikisoma jambo kama hilo lazima nisimame, nitembee hata hadi njia panda na kurudi, kama vile kutembea kutanisogeza karibu nalo.

Sasa kitu nilichokuwa nakitazamia tangu utotoni kilikuwa kimepita juu ya kichwa changu, na kumbe ni sisi wenyewe. Nilisimama mbele ya duka nikiona siwezi kuosha gari hata moja siku ile. Lori la mahindi lilikuwa linapakia hapo hapo. Mzee alikuwa anapeleka magunia yake Endulen, ndani ya hifadhi, ambako kulima hakuruhusiwi na unga wote unatoka kwetu. Dereva alikuwa analalamika kwamba mpakiaji wake mmoja hajatokea. Nikachukua gunia la kwanza. Nilipomaliza la mwisho nilirudi chumbani kuchukua mkoba, nikapanda.

Juu ya magunia nilimkuta abiria ambaye sikumwona wakati wa kupakia. Alikuwa Mmasai wa umri kama wangu, arobaini na kitu, amevaa koti zito juu ya shuka na viatu vya matairi, pembeni yake mawe ya chumvi ya ng'ombe aliyoyafunga ndani ya kiroba. Nilimsalimia, akaitika, akaniangalia miguuni hadi usoni.

"Wewe Mmbulu."

Nikakubali.

"Nilijua. Mnapanda gari kama mnapanda mti."

Tulipita geti, karatasi za dereva zikakaguliwa, tukaanza kupanda ndani ya msitu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba matawi yalitokea ghafla na kutupiga maji usoni. Jirani yangu hakuwa ametulia. Kila baada ya muda mfupi alitoa simu, akaitazama, akairudisha kotini. Mwishowe akaniuliza kama nimeona kitu angani alfajiri. Nilimwambia nimeona. Uso wake ukafunguka, akasogea karibu, na kuanzia hapo tukazungumza kama watu waliozaliwa boma moja.

Alikuwa amelala kwa ndugu yake, nyuma ya soko la Karatu. Alitoka nje kabla ya mapambazuko akaziona zinapita, moja nyuma ya nyingine, bila kusukumana. Akaniuliza nimewahi kuona ng'ombe wakienda majini asubuhi. Nikasema mimi ni mtoto wa mfugaji, nimewaona. Akasema basi najua alichokiona. Kwao, alinieleza, ng'ombe hawakutokea duniani. Mwanzoni walikuwa juu kwa Engai, Mungu wao, naye akawateremsha kwa ukanda wa ngozi, mmoja mmoja, hadi kwa Mmasai wa kwanza. Ndiyo maana ng'ombe wote walioko duniani ni wao.

"Hata wa baba yangu kule Endamarariek?"

"Hao tuliwaazima tu. Siku moja tutakuja kuwachukua."

Nilicheka, lakini kichwani nilikuwa nimesimama wima. Miaka yote nimeuliza kama kuna uhai mahali pengine, na huyu mtu alikuwa amekulia katika nyumba ambamo swali hilo halikuwahi kuwa swali. Uhai ulikuwa kule kwanza, huku uliletwa. Nikamuuliza, je, kule juu walibaki wengine? Alifikiri. Akasema mwenye mali hagawi zizi zima.

Kisha akanieleza kwa nini anaitazama simu. Ukame uliopita ulimwachia yeye na kaka yake ng'ombe wachache, wale wenye mioyo migumu. Sasa mvua ilikuwa imenyesha, ila ilianzia chini, kwenye tambarare, na majani ya kule yalikuwa mafupi, matamu, yenye chumvichumvi ambayo ng'ombe huipenda. Huku juu wamebanana mifugo ya kila mtu na malisho yamekwisha hadi udongo. Lakini tambarare msimu huu zinakuwa za nyumbu. Wanazaa kule, na ng'ombe akilisha mahali walipo ndama wa nyumbu anapata ugonjwa usio na dawa: macho yanaingia ukungu, makamasi yanashuka, na baada ya siku chache ni ngozi tu ya kuanika. Kwa hiyo tangu zamani hukaa juu na kuvumilia, hadi ndama wa nyumbu wapoteze ile rangi yao ya chai ya maziwa, wawe weusiweusi kama mama zao, ndipo hushuka.

Mwaka ule hakuweza kuvumilia. Kaka yake naye vilevile, walikuwa wanabishana kila jioni, leo huyu anasema tushuke, kesho mwingine. Halafu alfajiri ile akaona ng'ombe wa juu wanapita, wanaelekea kaskazini, upande wa tambarare. Alimpigia kaka yake hapo hapo akamwambia njia imefunguliwa. Kaka alisema atawatoa zizini mchana, walale njiani, na asubuhi wawe kwenye majani.

Sikuwa na haja ya kusema lolote. Mimi nilikuwa mpakiaji wa siku moja. Lakini nilimwambia: zile hazikuwa ng'ombe, na wala hazikuwa za Engai. Ni vyombo. Watu wamevirusha.

"Watu gani?"

"Matajiri wa mbali."

"Wanatafuta nini?"

"Ili simu zishike kila mahali."

Alitoa simu yake, akanielekezea kioo. Haikuwa na mtandao hata alama moja.

Baada ya hapo alinihoji kama mahakamani. Nimeziona zikirushwa? Sijaziona. Nani ameniambia? Mwenye duka. Yeye aliziona? Aliambiwa na mwanawe. Mwanawe? Aliona kwenye simu. Halafu akaniuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko dhihaka, mimi mwenyewe naamini kuna watu huko juu au hakuna. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba ni jambo ambalo nimelitafuta maisha yangu yote na sijui.

"Basi mtu asiyejua kama kuna watu juu, anajuaje kwamba zile taa si zao?"

Nimejibiwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine wasomi, wengine walevi. Hakuna aliyenifunga mdomo namna ile. Kwa sababu alikuwa sahihi: nilikuwa nimechukua maneno ya mwenye duka nikayaweka ubaoni kama mwalimu wangu, na sasa mwanafunzi alikuwa anauliza ni nani aliyekwenda kuona.

Ukingoni mwa kreta dereva alisimama kupoza injini. Tulishuka. Ukungu ulikuwa umepasuka mahali pamoja, na chini kabisa, mbali, ilionekana sakafu ya kreta yenye madoa meusi. Nimepita pale mara nyingi, na kila mara nafanya mchezo uleule: nachagua doa moja na kulikodolea macho, kujua kama ni jiwe au nyati. Kwa umbali ule hakuna njia ya kujua ila kusubiri. Likisogea, lina uhai. Lisiposogea, huwezi kusema halina; labda limelala. Nilikuwa nikiwaza kwamba wale wenye darubini zao kubwa kwenye magazeti wanafanya mchezo huohuo, ila ukingo wao uko mbali zaidi. Nilitaka kumwambia jirani yangu. Nilipogeuka nilimkuta anatembea huku na huku na simu juu ya kichwa, akitafuta mtandao.

Nikaelewa kwamba hakuwa na hakika. Mtu mwenye hakika hatafuti mtandao.

Tulishuka upande wa pili, mbali na njia ya watalii, nchi ikafunguka, kijani na baridi. Jua lilikuwa limetoka. Hatukuzungumza tena juu ya taa. Aliniuliza kama nina mke, nikasema niliwahi kuwa naye. Aliniuliza ninalala wapi Endulen, nikasema sijui. Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za msiba.

Katika bonde moja barabara ilipita katikati ya pundamilia, na nyuma yao kulikuwa na nyumbu. Hawakuwa wengi, kundi lililopotea kutoka kwenye wenzao. Jirani yangu alisimama juu ya magunia, akashika chuma cha bodi. Kisha akapiga paa la dereva kwa kiganja, mara nyingi, hadi lori likasimama.

Ndama walikuwa wanakimbia pembeni mwa mama zao. Wote walikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sikuona hata mmoja aliyeanza kubadilika.

Dereva alitoa kichwa akauliza kuna nini, kama tunafanya utalii tulipie. Mwenzangu aliwatazama wale ndama, mdomo wake ukitembea bila sauti. Nilidhani anaomba. Sasa nafikiri alikuwa anawataja ng'ombe wake. Akaangalia jua lilipo, akaangalia mgongo wa kilima upande wa kaskazini, ambako ng'ombe wakitoka Endulen ndiko wangepita.

"Chumvi mpelekee mama," aliniambia. "Boma la kwanza baada ya mto mkavu, lenye mlango unaotazama mlima."

Aliruka chini. Nilimwona akikata bonde kwa mbio zile za Kimasai ambazo hazionekani kuwa mbio, shuka likipepea nyuma ya koti, hadi akawa doa, na doa likaendelea kusogea.

Endulen tulifika alasiri. Nilishusha magunia na wenzangu, nikauliza njia, nikabeba kiroba cha chumvi begani hadi kwenye boma lile. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mwembamba, shanga zimeshuka hadi kifuani. Zizi nyuma yake lilikuwa tupu, samadi tu na mbuzi wachanga wawili watatu. Nilimwambia takwenya, kama wanavyoamkiwa wanawake wa huko, akaitika iko, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiroba.

"Chumvi ya mwanangu. Umemuua wapi?"

Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na cha moja kwa moja. Nilimweleza yote: taa, lori, ndama, alivyoruka. Alisikiliza bila kunikaribisha. Aliposikia rangi ya ndama alitema mate pembeni. Akasema kaka mtu ametoka na ng'ombe jua likiwa kichwani. Yeye mama amemkataza, hakusikia. Amemjibu kwamba mdogo wake ameiona barabara ya ng'ombe mbinguni.

"Na wewe uliiona?"

"Niliona taa, yeyo," nikamwita mama kwa Kimasai.

"Zilikuwa ng'ombe?"

"Hapana. Nafikiri hapana."

"Unafikiri," alisema, akanisogezea kigoda kwa mguu.

Nimesubiri vitu vingi. Nimesubiri mishahara, nimesubiri magari porini, nimesubiri mwanamke arudi. Sijawahi kusubiri kitu kisicho changu kwa roho juu kama nilivyowasubiri wale ng'ombe. Nilikaa, nikasimama, nikaenda hadi kwenye miiba ya ua na kurudi. Mama hakusogea mlangoni. Mara moja aliniambia nikae, nawatia mbuzi wasiwasi. Nilikaa, nikasimama tena. Niliwaza kwamba kama kule juu kuna mtu anayetuangalia kupitia darubini yake, sisi ni doa, na asingejua kamwe kwamba mwanamke mmoja amesimama mlangoni na zizi lake ni tupu.

Mama alisikia njuga kabla yangu. Niliona tu shingo yake ikigeuka. Baadaye vumbi, kisha pembe, kisha wao wenyewe, wakiteremka kilima mmoja nyuma ya mwingine, polepole, wamechukizwa kurudishwa. Kaka alikuwa mbele na uso umefungwa. Mwenzangu alikuwa nyuma kabisa, anachechemea, kiatu kimoja mkononi.

Mama hakuwahesabu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, hata kwetu. Alisogea pembeni mwa mlango, na kila mmoja alipopita alimtaja kwa rangi yake, kwa Kimasai, taratibu, mkono ukigusa baadhi yao mgongoni. Wa mwisho akaingia. Kisha akamuuliza mwanawe mkubwa swali moja, na mwenzangu akanitafsiria: alitaka kujua walifika wapi. Walifika kwenye ukingo wa mwisho kabla ya tambarare. Nyumbu walikuwa chini yao, karibu kiasi cha kusikia sauti zao, lakini hakuna ng'ombe aliyetia mdomo kwenye yale majani.

Mwenzangu alikaa chini karibu yangu, akanyoosha mguu.

"Usifikiri ni maneno yako."

"Najua."

"Ni ndama."

"Najua."

Alipumua. "Na zile taa, bado hujanijibu."

Kaka yake alituangalia kwa mbali, akasema kitu kwa Kimasai kilichomfanya mwenzangu acheke kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilipouliza, aliniambia kaka anataka kujua kama Mmbulu huyu amekuja na chumvi au chumvi imekuja na Mmbulu.

Mama alikuwa ameshachukua kiroba. Alikiingiza kwenye nyumba yake, ile ndogo ya udongo iliyo karibu zaidi na zizi, akatoka, akauchukua mkoba wangu pale nilipouweka kando ya kigoda, akauingiza pia. Hakuuliza. Aliporudi alikuwa na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, akanipa mimi kabla ya wanawe, na wote wawili wakanitazama nikinywa.

Kisha akaniita ndani. Ilibidi niiname sana. Kulikuwa na moto mdogo, na kando yake ndama wawili wachanga wamefungwa, na kitanda cha fito chenye ngozi ya ng'ombe. Aliipiga ile ngozi kwa kiganja, vumbi likatoka, akanionyesha upande wa kuweka kichwa. Aliniuliza nitakaa siku ngapi. Nilisema sijui, na yeye akasema mtu aliyetembea hivi kutwa nzima avue viatu kwanza. Nikakaa kitandani. Ndama mmoja akanyoosha shingo akaanza kulamba kamba za viatu vyangu wakati nazifungua.